Yule Aliyekuwa na Marehemu Mwisho

Kila mwaka, mvua ikishapungua, Mwalimu alipakia mashua yake kwenye pikapu pale Kitale akashuka nayo hadi ziwani, na kila mwaka watu wa njiani walimvulia kofia. Hawakuwa wanaiheshimu mashua. Ilikuwa imefunikwa turubai, imefungwa kamba, imelala urefu wote wa pikapu na mkia ukichomoza nyuma, na kwetu kitu cha namna hiyo kikipita barabarani kina mtu ndani. Kamukuywa wazee walisimama. Bungoma mjini vijana wa bodaboda walizima pikipiki. Mwalimu alikaa mbele kando ya dereva akiwapungia mkono kwa adabu, na wale walishangaa kuona mfiwa mwenye furaha kiasi hicho.

Aliyekaa nyuma kushikilia mlingoti alikuwa Wafula, mume wangu. Yeye ndiye aliyenisimulia haya, akicheka mpaka anakohoa. Mengi ninayoyajua kuhusu Mwalimu akiwa majini nimeyapata kwake, kwa sababu mimi nina duka la agrovet, nauza dawa ya kupe na mbegu, na ziwani sikuwahi kwenda mpaka siku ile ya kumtafuta.

Jina la Mwalimu nalijua, lakini hata nikikwambia halitakusaidia. Kitale hakuna aliyelitumia. Nitasema moja tu kwanza ili usije ukadhani nakusimulia hadithi ya mzee mchangamfu. Wafula alizama akiwa naye. Mwalimu alirudi, Wafula hakurudi, hata mwili haukuonekana. Na kwa miaka yote iliyofuata Mwalimu hakukanyaga Bumula kwa mama mkwe wangu kumweleza ilikuwaje. Hilo ndilo jambo lenyewe. Mengine ni maelezo ya mtu alivyokuwa, na alikuwa mtu.

Alifundisha useremala sekondari mpaka somo lenyewe likaondolewa. Baada ya hapo alibaki na vyombo vyake na mikono yake, na badala ya kutengeneza vitanda kama fundi mwenye akili, akatengeneza mashua. Alikuwa amewahi kuona moja, ndogo, imeoza kwenye stoo ya shamba moja la zamani upande wa Kachibora, lenye bwawa. Aliitazama, akaipima, akaigeuza juu chini, akaenda nyumbani akaanza. Yake ilibeba watu wawili, watatu wakikaa kwa adabu. Ilikuwa na tanga moja, usukani, makasia ya akiba, na sehemu ya kuweka jiko na blanketi. Mbao aliziunganisha hivi kwamba ukipitisha ukucha husikii palipoungana. Ukitaka kumuudhi ungemuuliza ametumia misumari mingapi.

Nyumbani kwake, mlango wa jikoni haukuwa na komeo. Mke wake aliufunga kwa kamba ya katani. Miaka yote hiyo! Mtu anayeweza kupinda ubao kwa mvuke mpaka uwe kama ubavu wa samaki, na mkewe anafunga mlango kwa kamba. Nilimuuliza siku moja, akaniambia, "Mama Nekesa, mrango hauendi popote."

Ndivyo alivyozungumza. L na R kwake zilikuwa ndugu, moja ikichelewa nyingine inaitikia. Wafula alimwita Wafura, tangu darasani hadi mwisho.

Mlingoti wa mashua aliuchonga kutoka mti mgumu wa msitu wa Elgon, ule unaovunja meno ya msumeno. Kuubeba ilihitaji wanaume wawili. Walipoufikisha ziwani, Port Victoria, mara ya kwanza, wavuvi walikuja kuuangalia, wakaugonga kwa vidole, wakatazamana. Mmoja wao, mzee wa pale ufukweni, akamwambia, "Mwalimu, hii ni ya kushikilia paa ya kanisa. Si ya mashua. Tafuta mti mwepesi."

Mwalimu akamjibu, "Mti mwepesi ni mti mwongo."

Na usimcheke. Sisi watu wa Trans-Nzoia tunaamini uzito. Gunia zito ndilo mahindi mazuri, jembe zito ndilo linachimba, na pasta mwenye Biblia nyepesi hatumwamini sana. Mtu wa kwetu akinunua kiti hukinyanyua kwanza. Wavuvi walimwambia tena mwaka uliofuata, na mwingine, na Mwalimu akawashukuru kila mara, kwa heshima kabisa, na mlingoti ukabaki pale pale. Kusikia alisikia. Alidhani ni watu wa bondeni tu, wamezoea vitu vyepesi.

Mwalimu na Wafula hawakwenda kuvua. Hili liliwasumbua watu wa ziwa kuliko mlingoti. Wafula alinihadithia jinsi walivyohojiwa.

"Mnavua nini?"

"Hatuvui."

"Mnapeleka mzigo?"

"Hatuna mzigo."

"Sasa mnaenda wapi?"

"Tunaenda," Mwalimu akasema, "halafu tunarudi."

Yule mzee alimvuta Wafula kando akamuuliza kwa sauti ya chini, "Huyu ako sawa kweli?" Wafula akajibu, "Ni mwalimu wangu," akaona amejibu vya kutosha.

Walifuata ufuko siku nne, tano, wakilala ndani ya mashua chini ya turubai, wakipika kwa jiko la makaa, wakisimama popote palipowapendeza. Wafula alikuwa karani wa ofisi ya kaunti, mtu wa mihuri na faili. Aliporudi kutoka huko alikuwa amebabuka pua, ananuka moshi, na kwa wiki nzima alikuwa mpole hata kwa mama yangu. Nilikuwa nasema, ati wanaume wazima wanaenda kucheza na maji. Lakini sikumzuia. Ningezuia nini? Wengine wake zao wanazuia pombe.

Mwaka mmoja jioni ilipowakuta mbali na bandari waliona kisiwa kidogo cha mafunjo, kijani, kimetulia. Mwalimu akasema hapo ndipo pa kurara. Wakafunga mashua kwa kamba mbili, maana Mwalimu kamba moja hakuiamini, wakaomba Mungu, wakalala. Kulipokucha Wafula akachungulia chini ya turubai akaona mlima ambao jana haukuwepo. Akamwamsha Mwalimu. Mwalimu akatoka, akaangalia kamba zake. Zote zimekaza, mafundo safi. Akaangalia kisiwa, kisiwa kipo. Akaangalia nchi kavu, nchi kavu imebadilishwa. Kisiwa kilikuwa kimetembea usiku kucha, kwa sababu kumbe mafunjo yale huelea, na wao wakiwa wamejifunga kwacho kwa kamba mbili. Mvuvi aliyewakuta asubuhi hiyo alicheka mpaka akaacha kasia. Mtoto yeyote wa pale anajua. Lakini kwetu, ardhi ikiwa na majani juu yake ni ardhi. Tangu lini shamba likahama?

Wafula aliisimulia hiyo kila Krismasi. Mwalimu akiwepo alikaa kimya mpaka mwisho, halafu akasema, "Mafundo yarikuwa sawa." Na ni kweli, yalikuwa sawa.

Upepo aliujifunzia kwenye mahindi. Miezi ambayo mahindi yamepita kichwa cha mtu, alisimama kando ya shamba, lake au la mwingine, akiangalia mbelewele zinavyoinama, upepo unaingia wapi, unageukia wapi, unachoka wapi. Jirani mmoja alimkuta hapo akashuku.

"Mwalimu, unatafuta nini kwa shamba yangu?"

"Naangaria upepo."

"Upepo yangu?"

"Hapana. Huu unapita tu."

Jumamosi alikwenda na Wafula kwenye bwawa la Kachibora kufanya mazoezi. Wanawake wakifua kando walimsalimia, "Mwalimu, bado hujafika?" naye akajibu, "Bado, mama, njia ni ndefu." Bwawa lenyewe ungeweza kurusha jiwe karibu livuke. Alilizunguka asubuhi nzima, uso mkavu kama mtu aliye kazini.

Kuogelea hakujua. Kuingia majini kupita magoti, ng'o. Nilimuuliza mbele ya mkewe inakuwaje mtu apende ziwa na asijue kuogelea. Akafikiri kidogo, maana hakuwahi kujibu swali haraka, akasema, "Dereva wa rori lazima ajue kukimbia?" Mkewe akatikisa kichwa akaenda kufunga mlango kwa kamba. Wafula ndiye aliyejua. Alikulia karibu na mto, aliogelea kabla ya kujua kusoma.

Kanisani Mwalimu alikuwa mzee wa kanisa. Alisali sala fupi kuliko zote, jambo lililofanya vijana wampende. Alikuwa mpole kwa watoto, mkali kwa watu wazima, na hakuwahi kuomba msamaha kwa mdomo. Akikukosea alikuletea kitu alichochonga. Nina vijiko vya mbao vinne nyumbani, na Wafula alikuwa na vikasha vya viberiti, visanduku, na kalamu moja ya mti ambayo haiandiki.

Basi. Nikaletewa habari dukani, nikipimia mtu dawa ya minyoo ya ng'ombe. Nilimaliza kupima. Nikamfungia, nikampa maelezo ya dozi, akaenda, ndipo nikafunga duka. Niliambiwa mashua imepinduka, Mwalimu ameokotwa na wavuvi, yuko hospitali, Wafula anatafutwa.

Nikaona ziwa. Ni kubwa. Sina la kuongeza. Nilikaa kwenye mchanga na shemeji zangu, wavuvi wakienda na kurudi, na kichwani nilikuwa nawaza kama nimefunga dirisha la nyuma la duka. Watu waliniambia nina moyo wa nguvu. Haikuwa nguvu, ilikuwa ganzi, ile ya midomo ukitoka kung'olewa jino: unajua ni yako, lakini hata ukiiuma husikii. Yule mzee wa ufukweni alikuja akakaa karibu nami akasema, "Mama, tulimwambia juu ya ule mti." Nikamwambia asante. Siku zilipopita bila kitu, tukarudi. Mashua ilikuwa imevutwa ufukweni, haina hata ufa. Ikarudi Kitale kwa pikapu ile ile.

Wazee wa Bumula walisema kama hatujapata mwili tutazika mgomba, kama ilivyofanywa siku zote mtu akipotelea majini. Ukakatwa mgomba wa urefu wake, ukavikwa koti lake la ofisini, ukafungwa shuka, ukawekwa kwenye jeneza. Pasta alisoma neno akiangalia mbali. Hakutaka, lakini aliogopa wazee kuliko askofu.

Halafu ikafika sehemu ya kueleza. Kwetu mtu hazikwi hivi hivi. Yule aliyekuwa na marehemu mwisho husimama mbele ya watu akaeleza: aliumwa lini, alipelekwa wapi, alisema nini, alikata roho vipi. Bila hayo watu hawatulii, wanaenda nyumbani wakinong'ona. Mshereheshaji akashika maiki akasema, "Yule alikuwa na marehemu mwisho, tafadhali asimame atueleze."

Hakusimama mtu. Watu wakageuza shingo wakaangalia njia. Mwalimu alikuwa ametoka hospitali wiki ile, kila mtu alijua. Mshereheshaji akarudia. Ng'ombe akalia kule zizini. Mwishowe shemeji yangu mkubwa akasimama akasema Wafula amekufa maji, akakaa. Tukauzika mgomba.

Mama mkwe wangu hakulia. Udongo ulipokwisha kurudishwa alinishika mkono akaniambia, mbele za watu, "Huyo ni mgomba. Mimi sijazaa mgomba." Na kuanzia siku hiyo alilipita lile kaburi akienda kukama ng'ombe kama anavyopita kando ya kisiki. Hakulipalilia. Nikimwambia tuliwekee simenti ananiuliza, "La nani?"

Mwalimu aliendelea kuishi Kitale na mimi niliendelea kuishi Kitale, na mji si mkubwa. Akiniona upande huu wa barabara, anavuka. Dawa ya kuku alimtuma mkewe. Kanisani alihamia benchi la nyuma na akaacha uzee wa kanisa bila kutoa sababu. Jua kwamba sikumchukia. Ningetaka kumchukia, ingekuwa kazi ya kufanya jioni. Lakini nilikuwa sina chochote. Nilikuwa nauza dawa, nalipa karo ya Nekesa, nalala, naamka. Vijiko vyake nilivitumia kila siku.

Siku moja nilipeleka dawa kwao mwenyewe. Mashua ilikuwa uani, juu ya matofali, na kuku walikuwa wametandika viota ndani, pale walipokuwa wakiweka blanketi. Mkewe alisema, "Hii mashua sasa imetaga kuliko imesafiri," kisha akaziba mdomo kwa kiganja. Nikamwambia si ni sawa, mayai ni mayai. Mlingoti haukuwepo. Mkewe aliniambia Mwalimu alikuwa ameukata vipande kwa mkono, akakataa kusaidiwa, ikamchukua siku nyingi, na kuni zile hakuruhusu zichomwe wala zitupwe. Yeye Mwalimu alikuwa ndani. Nilimsikia akikohoa. Hakutoka.

Mwaka huu mama mkwe akaanza kuvimba miguu. Daktari Bungoma akasema moyo umechoka. Alitupa dawa, akaniita kando akaniambia tusimsumbue na safari nyingi. Jioni hiyo Mama akaniambia nikae kitandani pake. "Mama Nekesa," akasema, "niletee huyo mwalimu. Simshtaki. Simlaani. Lakini siwezi kwenda huko nikutane na mtoto wangu kama sijui alivyotoka hapa. Nitamwambia nini? Niletee."

Nikapanda hadi Kitale, na kwa mara ya kwanza nikaingia kwa Mwalimu bila kupiga hodi. Alikuwa kwenye kigoda kando ya karakana ananoa patasi. Alikuwa amekonda, shati limemzidi. Alisimama haraka mpaka patasi ikaanguka.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba."

"Mama anakuita."

"Ananiita mimi?"

"Wewe. Anaenda."

Akaiokota patasi, akaifuta kwa kiganja, akaiweka, akaiokota tena. "Siku ile ya mazishi nirifika mpaka Bungoma stendi," akasema. "Nikarudi. Niridhani mtanipiga."

"Siku ile tungekupiga," nikamwambia. "Sasa tumechoka."

Akaingia ndani akatoka na koti la kanisani. Tukashuka hadi Bumula.

Mama alikuwa ametolewa nje kwenye jua, ameegemezwa ukutani kwa mito. Shemeji yangu mkubwa alikuwepo na mkewe, hakuna mwingine. Mwalimu akamsalimia kwa mikono miwili. Mama akamwonyesha kiti.

"Kaa, Mwalimu."

"Hapana, Mama. Hii husemwa kwa kusimama."

Akavua kofia, akaeleza. Alieleza kama inavyoelezwa, kuanzia mwanzo. Kwamba walikuwa wanarudi. Kwamba upepo wa mchana ulikuja mkali na mvua ndani yake, mashua ikainama, na mlingoti kwa uzito wake ukakataa kuinuka. "Wavuvi wariniambia. Mwaka baada ya mwaka wariniambia. Sikutaka." Kwamba walishika mgongo wa mashua wote wawili, na nchi kavu ilikuwa inaonekana, miti unaihesabu. "Wafura akasema, Mwalimu, mimi naogelea, niende niite watu. Nikamwambia nenda." Akaigeuza kofia mikononi. Akaanza tena. "Angebaki, tungeokotwa wote. Warinikuta jua bado liko juu. Mimi ndiye nirimwambia nenda. Hakuna mtu anajua hiyo. Sasa mmejua."

Shemeji yangu alitazama chini. Mimi nilijikagua nikingoja kitu kije, hasira au chochote, nikaona hakuna.

Mama akajiinua kidogo kwenye mito. Kisha akauliza, "Alikuwa amekula?"

Mwalimu hakuelewa. Hata mimi.

"Asubuhi hiyo," Mama akasema. "Mtoto alikuwa amekula?"

Uso wa Mwalimu ukavurugika. "Arikula, Mama. Tulipewa ugali na omena na watu wa pale. Akamaliza yake. Akaanza kuniangaria. Nikamsukumia sahani yangu. Akakula yote, akapanguza na kidole."

"Na kidole," Mama akasema.

"Na kidole."

Mama akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, polepole, akajipangusa macho kwa ncha ya leso. "Huyo ndiye Wafula," akasema. Halafu akanigeukia. "Mama Nekesa, weka maji ya ugali. Mwalimu ametoka mbali. Na wewe Mwalimu kaa chini sasa, umeshasema."

Nikaenda jikoni nikaweka sufuria. Nilisikia kiti kikivutwa, na Mwalimu akilia nje kwa sauti, kama watu wanavyolia matangani, na Mama akimwambia pole, pole baba. Maji yakachemka, nikatia unga, nikasonga. Harufu iliponifikia nikagundua nina njaa. Si njaa ya saa saba mchana, njaa ya siku zote zile. Nilimega pembeni kabla sijaepua, wa moto, mtupu bila mboga, nikala nimesimama, nikamega tena, na machozi yakawa yanadondokea kwenye sufuria nami sikuacha kula.